Karatasi Nyuma ya Picha

Mwaka 1998 nilikuwa naishi China, mtaa wa Xiaobei mjini Guangzhou, ghorofa ya tano ya hoteli ya bei nafuu, na kazi yangu ilikuwa kuwasemea watu. Wafanyabiashara waliokuja kutoka Dar, Unguja na Kongo hawakujua Kichina, na mimi nilikijua. Serikali ilinipeleka Beijing mwaka 1976, nikiwa na miaka ishirini, kusomea mitambo ya kufumia nguo. Nikarudi nyumbani, nikafanya kazi kiwandani Dar mpaka kiwanda kikafungwa, na kilichonibakia mkononi kikawa ile lugha. Basi nikairudisha kulekule ilikotoka, ikanipa riziki.

Miongoni mwa watu niliowasemea alikuwamo mama mmoja wa Kikongo, Émérance, mwenyeji wa Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mrefu, mkimya, hajui kubembeleza bei. Akifika dukani huko Zhongda, kwenye soko la vitambaa, hugeuza kitambaa upande wa ndani, huvuta uzi mmoja, hunusa, halafu hutaja bei mara moja tu. Wenye maduka walimheshimu kwa hilo. Aliikimbia Uvira vita vilipoingia mwaka 1996, akavuka ziwa mpaka Kigoma, akateremka Dar, akaanza kuuza vitenge, na sasa alikuwa anakuja Guangzhou mara tatu kwa mwaka. Habari za kwao hakuzizungumza, na mimi sikumwuliza.

Alikuwa na tabia moja. Akipima kitambaa kwa mkono huhesabu chini kwa chini, midomo ikicheza. Mimi siku zote nikidhani ni Kifaransa, maana Wakongo wengi ndicho walichosomea. Siku moja ya mwezi wa nne, tukiwa dukani kwa A-Mei, nilimsikia vizuri: uno, due, tre, quattro.

"Dada Émérance," nikamwuliza, "hicho ni Kifaransa cha wapi?"

Akacheka kidogo. "Si Kifaransa, kaka Haidar. Ni Kiitaliano. Kwetu kulikuwa masista ba Italia. Mama yangu alikuwa anafula manguo yabo, mi nikakulia mu chumba yabo ya kushona. Kitambaa siwezi kukihesabu mu luga ingine. Nikijaribu, napotea."

A-Mei, mwenye duka, akataka kujua tunacheka nini. Nilipomfasiria aliuweka mkasi chini.

"Kuzungumza tu," akauliza, "au kusoma pia anajua?"

Hapo nikakumbuka kwamba miezi mitatu nyuma A-Mei aliwahi kuniuliza kama namjua mtu yeyote wa Ulaya, si Mwingereza, wa kumsomea mama yake karatasi fulani ya zamani. Mimi wa Ulaya nimtoe wapi? Nikalisahau jambo lenyewe. Sasa A-Mei alikuwa anamtazama Émérance kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

Asubuhi ya pili alifunga duka akatupeleka.

Nyumba ya mama yake ilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya Shisanhang, mtaa wa maduka ya nguo za jumla. Barabarani wapagazi walikuwa wanapita na marobota ya nguo huku wakipiga kelele wapishwe njia, lakini ukishaingia ndani ya uchochoro unasikia ndege waliofungiwa vitunduni. Nusu ya nyumba zilikuwa zimeshapigwa chapa kwa rangi nyekundu, lile neno moja la Kichina la bomoa, limezungushiwa duara. Njia ilikuwa inapanuliwa. Nyumba ya A-Mei nayo ilikuwa na chapa yake.

Mama mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, umri wake miaka sitini na mitatu. Mimi na Émérance tulimwita Bi Liang baina yetu. Mbele yake nilimwita Mwalimu Liang, na nilijikuta nimekaa wima. Alikuwa akisema Kichina kwa kukikata neno kwa neno, kama anayeandikisha watoto imla. Alitutilia chai, akangoja tunywe, kisha akaondoa shuka lililofunika kitu kilichoegemezwa ukutani.

Mimi si mtu wa picha. Kwetu nyumbani ukutani palikuwa na saa na aya za Kurani, basi. Lakini ile nilisimama kuitazama. Ilikuwa picha ya rangi ya mafuta, ukubwa wa mlango wa kabati, ya mwanamke wa miaka kama thelathini aliyekaa kitini. Nywele nyeusi zimefungwa nyuma, shanga nyekundu shingoni, shati jeupe lenye mikono mipana iliyotariziwa. Mikono ameilaza mapajani. Hacheki. Macho yake yamegeuka pembeni kidogo, hayamtazami mchoraji, kama mtu aliyesikia anaitwa kutoka chumba cha pili na bado hajaitika.

Émérance hakutazama uso. Aliinama kwenye mikono ya shati.

"Hii mishono naijua," akasema. "Aliyeichora aliitazama kweli. Amehesabu uzi."

Bi Liang akatusimulia. Baba yake alikuwa fundi wa fremu za picha, duka lake lilikuwa chini ya nyumba hiyohiyo. Zamani Waingereza walikuwa wakiishi Shamian, kile kisiwa kidogo cha jirani, na wao ndio waliomletea kazi. Mwishoni mwa mwaka 1941 mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza alileta picha hii itengenezwe fremu, iliyoliwa na unyevu. Wiki chache baadaye Wajapani wakaingia Shamian, Waingereza wakachukuliwa, na mwenye picha hakuonekana tena. Bi Liang alikuwa na miaka sita. Anakumbuka baba yake akisema, "Atarudi. Fremu yake iko tayari."

Hakurudi. Miaka ikapita, vita vikapita, serikali ikabadilika. Mwaka 1966 vijana walipoanza kuingia nyumba za watu na kuchoma vitu vya kizamani na vya kigeni, mzee aliigeuza picha uso ndani, akaipigilia nyuma ya kabati la nguo, akaifunika kwa ubao wa kuikinga, na ubao akaupaka rangi ya kahawia. Watu walikuja, wakatoa nguo kabatini, wakaondoka. Mzee alifariki mwaka 1971. Kabla hajafa alimwambia binti yake: ile si yetu, wakija wenyewe wape.

"Nimemtafuta Mwingereza," Bi Liang akasema. "Milango ya nchi ilipofunguka nilimwandikia Hong Kong. Nikajibiwa kwamba alifia kifungoni, na mwanawe wa pekee alikufa vitani. Hakuna ndugu. Kwa huyo nimemaliza."

Sasa nyumba inabomolewa, kabati limevunjwa, picha imetoka, na A-Mei alipeleka fotografia yake kwa mtu anayejua mambo hayo. Hazikupita siku nyingi akaja mnunuzi kutoka Hong Kong, amevaa suti, amebeba kitabu kikubwa. Akawaeleza kwamba mchoraji ni Mwingereza wa zama za Malkia Victoria, jina lake Josiah Penrick. Alipokufa alisahauliwa kwa miaka tisini, na sasa London wameanza kumtafuta upya. Katika kitabu kile mwanamke huyuhuyu alikuwamo mara kumi: malkia mwenye taji, malaika mwenye mabawa, mtakatifu anayekanyaga joka, mwuza zabibu. Inajulikana kwamba alikuwa Mwitaliano wa kukaa achorwe, na kwamba Penrick alimpenda kuliko wote aliowachora. Jina lake halijulikani. Hii ilikuwa picha ya kumi na moja, ambayo hakuna aliyejua kuwa ipo.

"Anataka kuinunua," Bi Liang akasema. "Bei aliyotaja inatosha fleti. Lakini siwezi kuuza kitu ambacho sijui ni cha nani. Tazameni huku."

Akaigeuza picha. Nyuma, kwenye turubai, palikuwa pamebandikwa karatasi yenye rangi ya chai, imejaa maandishi ya wino uliopauka. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu alikuwa ameshaiona, akasema si Kiingereza, labda Kiitaliano, lakini kila neno alilolitafuta kwenye kamusi hakulipata.

Émérance alivuta kiti, akaipeleka picha kwenye mwanga wa ua. Nikaona midomo inaanza kucheza.

"Ni Kiitaliano," akasema. "Lakini mwenye kuandika hakusoma sana. Anaandika vile anasikia. Machoni haina maana, lazima niitoe kwa sauti. Masista ba jikoni ndio banasema hivi, bale ba vijijini."

Basi tukaanza. Yeye alisoma sentensi kwa sauti ya Kiitaliano, akaisikiliza, akanipa kwa Kiswahili. Mimi nikampa Bi Liang kwa Kichina. Karatasi ilivuka hivyo, kipande kwa kipande, na Kiswahili chetu kikiwa daraja. Sikuiandika siku ile, lakini naikumbuka hivi:

*Mimi ni Assunta Valleriani, binti wa Benedetto mchunga mbuzi na Maria Rosa, wa Colle San Vito, mlimani. Nimekaa mbele ya Bwana Penrick miaka kumi na mmoja. Amenivika taji, amenivika mabawa, amenipa joka nilikanyage. Sikukataa, ndiyo kazi. Hii peke yake nimevaa nguo zangu. Shati alilishona mama. Bwana alisema, hii ni yako Assunta, mpelekee mama yako akuone. Halafu akaja mtu mwenye gari la farasi, akaipenda, na Bwana hawezi kumwambia mtu kama yule hapana. Amenipa shilingi na ameona haya. Sikulia mbele yake. Karatasi hii naibandika mwenyewe kwa uji wa unga. Wewe utakayeisoma, sina hasira nawe. Lakini mimi si malkia. Ukipita Colle San Vito mwambie mama kwamba shati limetunzwa, na kwamba nilipochorwa nilikuwa namfikiria yeye, ndiyo maana sicheki.*

Nilipofika hapo kwenye mama nikajifanya nakohoa. A-Mei alikuwa amegeukia dirishani. Bi Liang peke yake hakubadilika uso. Aliniomba nirudie sentensi moja, ile ya "hii ni yako".

Nikairudia.

"Kwa hiyo haikuwa ya Mwingereza," akasema polepole. "Mwingereza aliuziwa kitu cha mtu. Mwenyewe ana jina, na kijiji anacho."

"Mama," A-Mei akasema, "huyo amekufa zamani. Mnunuzi anakuja Ijumaa. Sisi tunatakiwa tuhame kabla ya mwezi wa saba."

"Babu yako aliishika miaka thelathini. Mimi sitashindwa miezi mitatu." Kisha akanigeukia. "Mwulize mama huyu kama anaweza kuandika barua kwa watu wa kijiji hicho."

Nilimwuliza. Émérance alisema atajaribu, lakini niliona amelisema kwa kuvutwa.

Tukarudi kwa miguu mpaka kituo cha basi. Kwenye benchi akaniambia lililokuwa linamsumbua. Kijiji hakijui, wala hajui anwani ya mtu yeyote Italia isipokuwa mmoja, Suor Pierina, yule sista aliyemfundisha kushona tangu ana miaka tisa. Na huyo hakuwa amemwandikia tangu vita.

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Wakubwa wabo balibaambia batoke Uvira, vita iko inakuya. Suor Pierina akaniita, akanipa funguo za chumba ya kushona. Cherehani kumi na ine, vitambaa, manguo ya arusi ya watu. Akasema, Émérance, nakuachia. Mi nikakubali: oui, ma sœur." Alikuwa anatazama barabarani. "Siku ya tisa risasi zilifika mu avenue yetu. Nikakimbia. Nilizitupa funguo mu ziwa, juu ya haya ya kuzibeba. Kila kitu kiliibiwa. Bon. Huyu mama ya Kichina ameshika kitu cha mtu miaka karibu sitini, na vita yake na vijana bake ba kuchoma vitu. Mi nilishika siku tisa. Nitamwandikia nini?"

Nilimwambia tu kwamba barua si ya kwake, ni ya Assunta. Aandike ya Assunta, na kama ataona mkono unakwenda, aongeze ya kwake chini.

Aliiandika kwa siku nne. Nilimkuta mkahawani Xiaobei akiwa na daftari, wali umepoa, anafuta na kurudia. Alisema Kiitaliano chake ni cha mdomoni, akikiona kwenye karatasi anakishuku. Alipomaliza alinionyesha kurasa tatu za Assunta na mistari mitano ya kwake. Sikumwuliza mistari ile inasema nini. Tuliipeleka posta pamoja, na karani akaipima bahasha kama kilo ya mchele.

Mnunuzi alikuja Ijumaa, na mimi nikaitwa niwepo kwa sababu Bi Liang alitaka shahidi. Alipoambiwa asubiri alikunja uso. Akasema soko la picha halisubiri, leo Penrick anatafutwa, kesho watatafuta mwingine. Kisha akaiona ile karatasi kwa nyuma, akasema kwa upole kwamba ingekuwa bora kuibandua, inaharibu turubai. Bi Liang akasimama kati yake na picha. Yule bwana akanywa chai yake, akaacha kadi, akaondoka. A-Mei hakuzungumza na mama yake kwa siku mbili.

Émérance ilikuwa arudi Dar mwezi wa tano. Alihamisha safari. Kwangu alisema anangojea mzigo wa vitenge uliochelewa kiwandani, lakini mzigo ule niliufuatilia mimi, na ulikuwa umeshafika bandarini.

Jibu lilifika wiki ya pili ya mwezi wa sita, hotelini kwangu, maana ndiyo anwani tuliyotoa. Bahasha nene. Nilikwenda nayo mpaka Zhongda nikamkuta amesimama katikati ya marobota. Aliifungua kwa kutumia mkasi wa A-Mei, na kitu cha kwanza kilichotoka kilikuwa barua yake mwenyewe, ileile aliyoiandika. Nilishtuka, nikadhani imerudishwa. Kisha nikaona wino mwekundu. Suor Pierina, mwanamke wa miaka themanini na moja katika nyumba ya masista wazee, alikuwa ameisahihisha barua yote, kila herufi, na mwisho wake ameandika alama: sita kati ya kumi.

Émérance aliishika ile karatasi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya robota, na hapo kicheko kikageuka, A-Mei akanifanyia ishara nitoke nje kidogo. Nilitoka. Niliporudi alikuwa ameshafuta uso, anasoma barua ya pili, ya Suor Pierina mwenyewe.

"Anasema mi ni mjinga," akaniambia. "Anasema, sikukupa funguo ulinde cherehani. Kile chumba kilikuwa na ukuta wa mawe na madirisha ya chuma. Nilikupa uwe na pa kujificha." Akaikunja barua, akaikunjua. "Miaka miwili amekuwa anauliza kwa redio ya mapadri, Bukavu, Kigoma, kama kuna mtu ameniona. Alifikiri nimekufa."

Jioni ileile tulikwenda kwa Bi Liang. Nusu ya vitu vyake vilikuwa vimeshafungwa kwenye maboksi. Habari za Assunta zilikuwa hizi. Suor Pierina alimwandikia padri wa Colle San Vito, na padri akafungua vitabu vya ubatizo. Assunta Valleriani yumo. Alirudi kutoka Uingereza mwaka 1891. Mama yake alikuwa amekufa majira mawili ya baridi kabla hajafika. Akaolewa na mjane mwenye tanuri la mikate, akazaa watoto watatu, akafa mzee mwaka 1934. Mjukuu wake, Nunziata, alikuwa bado hai, ana miaka sabini na minne, na tanuri bado lilikuwepo. Padri alimsomea Nunziata habari nzima, na majibu yake akayaandika kama alivyoyatamka.

Émérance akasoma, akanipa, nikampa Bi Liang.

Nunziata alisema bibi yake hakuwahi kueleza alifanya kazi gani London. Walidhani alikuwa akifua nguo. Alipokuja mpiga picha kijijini, mwaka wa arusi ya binti yake, watu wote walisimama mstari isipokuwa yeye. Alikwenda kukaa jikoni, akasema yeye amekwisha kutazamwa vya kutosha. Kwa hiyo nyumbani hawana sura yake hata moja. Nunziata mwenyewe anakumbuka mikono tu, na harufu ya chachu.

Kuhusu picha, alisema kuta zao zina unyevu na paa linavuja, na mtu aliyekishika kitu cha familia yake miaka karibu sitini bila kukiuza, huyo naye ni familia. Afanye aonavyo sawa. Akitaka kuuza, auze, apate nyumba. Anaomba mambo mawili: fotografia ya bibi yake, na popote picha itakapotundikwa, jina liandikwe.

Bi Liang alitoa leso, akaipangusa miwani, akaivaa, akaitoa tena.

"Mwandikie," akaniambia, "kwamba baba yangu aliitwa Liang Zhaoheng. Ndiye aliyeishika, si mimi."

Wiki ile nilimleta mpiga picha. Tuliibeba picha mpaka uani kwenye mwanga wa asubuhi, majirani wakaja kutazama, na fundi akapiga mara nyingi: uso, shati, mikono, na ile karatasi ya nyuma. Zilitolewa nakala tatu kubwa. Moja ilikwenda Colle San Vito, moja ikabaki kwa Bi Liang, na moja akaichukua Émérance, akaiweka katikati ya vitenge viwili kwenye begi lake.

Mnunuzi aliitwa. Safari hii alikubali kila kitu upesi, pengine aliogopa mama atabadilisha nia. Karatasi haitabanduliwa, jina litaandikwa. Bi Liang hakutosheka na neno la mdomo. Alimpa kalamu na karatasi, akamtaka aliandike jina hapohapo, na Émérance akamtajia herufi moja moja. Yule bwana wa suti aliandika, akakosea L moja, akatakiwa aandike tena. Alipopatia, Bi Liang aliitikia kwa kichwa kama anavyofanya mwalimu kwa mtoto aliyechelewa kuelewa lakini ameelewa. Picha ikafungwa kwa blanketi na mbao, ikapakiwa kwenye gari dogo, na uchochoro ulikuwa mwembamba mno hata ikabidi gari lirudi kinyumenyume. Mimi nilitazama kwingine. Émérance alisimama mpaka gari likapotea kwenye kelele za Shisanhang.

Aliondoka Guangzhou mwisho wa mwezi wa sita. Nia yake ilikuwa apitie Kigoma, avuke, akaone nyumba ya mama yake. Mwezi wa nane vita vikaanza upya kwao, na hakuvuka. Alibaki Kigoma, akapanga chumba karibu na soko, akaanza kushona na wasichana wawili waliokimbia kama yeye. Mwezi wa kumi na mbili alikuja tena Guangzhou kununua vitambaa, amenenepa kidogo, na ana barua nyingine kutoka Italia.

Tukaenda kumwona Bi Liang katika fleti yake mpya, ghorofa ya nane, upande wa kusini wa mto. Alikuwa anailalamikia lifti na majirani wasiosalimiana. Chai ilikuwa ileile. Émérance akasoma barua: fotografia ilifika Colle San Vito, wakaipeleka kanisani, watu wakabishana juu ya pua, ukoo mmoja ukidai ni yao na mwingine ukikataa. Nunziata ameitundika dukani, juu ya mizani, ambako hakuna unyevu. Barua iliandikwa mwezi wa kumi na moja, na mwishoni padri aliongeza kwamba theluji imeanza mapema mwaka huu, wanamkumbuka yule mwalimu wa China.

Nilipomaliza kutafsiri, Bi Liang akaniuliza theluji ya huko inakuwa nyingi kiasi gani. Émérance hakujua. Yeye hajawahi kuiona, na Bi Liang, mzaliwa wa Guangzhou, naye hajawahi. Mimi peke yangu niliiona, Beijing, mwaka niliofika, asubuhi nilipofungua dirisha la bweni nikadhani watu wamemwaga pamba uwanjani usiku kucha. Wakataka niwaeleze. Nikaanza na ule ukimya wake, jinsi hata baiskeli zilivyokuwa zinapita bila sauti, nikaeleza kwa Kichina, kisha kwa Kiswahili, na kila nilichomweleza mmoja, mwingine alikuwa na swali lake, mpaka chai ikapoa na Bi Liang akainuka kuchemsha nyingine.